Mnyanya, Mshale na Swali Nililolikata Hewani

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi popote mlipo. Wewe uliye jikoni, punguza kidogo kelele za sufuria. Wewe uliye kwenye cherehani, pumzisha mguu dakika chache. Leo sijapiga muziki wa kufungulia kipindi. Mtu aliyekuwa akinisema kwamba muziki wangu unakwaruza, kisha anakuja mwenyewe na bisibisi kuutengeneza, ametutoka.

Amefariki Mzee Mshale, fundi wa redio. Amefariki Jumanne asubuhi, wodini, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Moyo ulichoka. Tumemzika juzi, kando ya kaburi la mkewe, fundi wa kushona.

Najua wengi mnamkumbuka kwa jambo moja tu. Tangu juzi simu hapa studioni hazikatiki, na kila anayepiga anauliza, "Si ndiye yule mzee wa mnyanya unaosalimia watu?" Ndiye. Ndiye huyo huyo. Na leo nitawaambia habari ya mnyanya ule, yote, bila kuipamba. Aliniagiza niiseme. Aliniagiza miaka kumi na moja iliyopita, na kila mwaka akanikumbusha, na kila mwaka nikampiga chenga. Leo sina tena pa kukimbilia.

Tuanze na mtu mwenyewe. Mzee Mshale alikuwa na chumba kimoja cha kazi, cha mbele, katika nyumba ya wapangaji wengi. Meza ndefu. Juu ya meza, redio zilizofunguliwa matumbo. Harufu ya risasi ya kulehemu, na feni iliyokuwa ikigeuka upande mmoja tu kwa sababu fundi hana muda wa kutengeneza cha kwake. Ukimpelekea redio, hakukuuliza ina nini. Aliitegea sikio, akaitikisa, akasema, "Hii iliangushwa. Nani kaiangusha?" Na kweli ilikuwa imeangushwa. Jina la Mshale alipewa kwa sababu ya mita yake kuukuu, yenye mshale mwekundu. Hakuamini mita za namba. Alisema, "Namba inakupa jibu tu. Mshale unakuonyesha ulikopita."

Mkewe alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa chumba cha pili. Mlango kati yao haukufungwa miaka thelathini. Yeye alimwita mumewe "fundi". Mume alimwita "fundi mwenzangu". Walitaniana kutwa nzima, huyu akipiga lehemu, yule akipiga pindo. Binti yao wa pekee, ambaye sasa ni muuguzi, aliniambia, "Mimi nimekulia katikati ya kelele mbili. Cherehani huku, redio kule. Kukiwa kimya nilikuwa naogopa."

Sasa, mnyanya. Mnyanya ule haukupandwa na mtu. Ulijiotea kando ya bomba la uani, pale maji yanapomwagika. Mke akaupenda, akauwekea kijiti, akawa anaumwagilia kila asubuhi kabla hajajaza ndoo yake. Na Mzee, ambaye alikuwa amesoma kwenye gazeti moja la zamani kwamba mimea ina umeme ndani yake, umeme mdogo sana, akasema, "Nitaupima."

Akatengeneza chombo. Kwa mkono, wasikilizaji wapendwa, kwa vitu vilivyokuwa mezani. Kikuza sauti alikitoa ndani ya redio iliyokufa. Betri nne. Ile mita yake yenye mshale. Alihitaji madini ya fedha halisi ya kushikisha kwenye jani, kwa hiyo akaingia kabatini akakata kijiko cha chai cha harusi yao. Mkewe alipiga kelele mpaka wapangaji wakatoka nje.

"Umekata kijiko changu!"

"Nimekata kimoja, fundi mwenzangu. Vimebaki vitano."

"Na mgeni wa sita atakoroga kwa kidole chako?"

Kipande cha kijiko kikafungwa kwenye jani kwa pamba iliyolowa maji ya chumvi. Msumari mmoja ukapigwa ardhini, hatua moja kutoka shinani. Nyaya mbili ndefu zikapita dirishani mpaka kwenye meza yake. Akakaa, akaangalia mshale.

Mshale ulikuwa unatetemeka. Haukutulia hata kidogo. Kwa fundi wa redio, kutetemeka kule ni kelele, ni uchafu, na kazi yake ni kuuondoa. Akatafuta uchafu unatoka wapi. Akaupata. Ulitoka kwenye pampu ya maji. Pampu ile ilikuwa na waya wa kijani, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini, ili umeme ukivuja uende zake chini badala ya kumpitia mtu. Akaufungua waya ule kwa bisibisi. Mshale ukatulia tuli. Akasema moyoni, nitaurudisha jioni.

Hakuurudisha. Nasema tena, maana yeye mwenyewe alitaka niseme mara mbili: aliufungua waya wa usalama wa pampu, na hakuurudisha.

Kwa sababu kesho yake asubuhi ulitokea muujiza. Alikuwa mezani. Mkewe alitoka na ndoo. Hajafika bombani bado, yuko kule mwisho wa ua, na mshale ukaruka! Ukaruka, ukasimama juu. Mkewe akamwagilia, akajaza ndoo, akaondoka. Mshale ukaanguka. Siku ya pili, vile vile. Siku ya tatu, vile vile. Mnyanya ulikuwa unamjua kabla hajafika. Akanipigia simu. "Mtangazaji, njoo. Njoo uone kitu."

Nikaenda. Nikaona kwa macho yangu. Mzee alianza kuwaangalia na wapangaji wengine wakija bombani, na mshale ukaruka kwao pia, nikasema basi mnyanya huu una adabu kuliko sisi, unasalimia kila mtu. Maneno hayo ni yangu. "Mnyanya unaosalimia watu" ni maneno yangu. Nikawaleta hapa studioni, Mzee na mkewe, nikawapa saa nzima.

Wasikilizaji wapendwa, mkanda wa siku ile upo. Niliusikiliza jana, peke yangu. Mnanisikia nacheka kama mtu anayetekenywa. Mzee anaeleza kwa makini, taratibu. Mkewe anamchokoza kwamba mnyanya unampenda kuliko mume wake anavyompenda. Kisha anasema, na sauti yake imo mkandani safi kabisa, "Siku hizi hata bomba nalo linanitekenya vidole." Mimi nikasema, "Loo, bomba limeona wivu!" Sote tukavunjika mbavu.

Ndipo simu ikaingia. Dada mmoja. Hakutaja jina, alisema tu kwamba yeye ni fundi umeme. Hakuwa anacheka. Aliuliza swali moja: "Samahani, mmejaribu kupima pampu ikiwa imezimwa?"

Mzee akavuta pumzi ajibu. Pumzi ile inasikika mkandani. Lakini hakujibu, kwa sababu mimi na mdomo wangu tuliwahi. Nikasema, "Dada yangu, na wewe unauonea wivu mnyanya?" Nikakata simu. Nikapiga muziki.

Ngoja nieleze lile swali, maana na mimi nililielewa nikiwa nimechelewa. Swichi ya pampu ilikuwa kule mwisho wa ua. Anayekwenda kuteka maji huanza kwa kuwasha swichi, ndipo atembee mpaka bombani. Pampu ilikuwa inavuja umeme. Zamani ulishuka ardhini kupitia waya wa kijani. Alipoufungua waya alikuwa ameizima pampu, ndiyo maana mshale ulitulia; ilipowashwa tena, umeme ukatafuta njia nyingine, ukapita kwenye bomba la chuma, ukaingia kwenye udongo uliolowa pale chini ya mnyanya. Mtu anawasha swichi, mshale unaruka. Anazima, mshale unaanguka. Mnyanya haukuwa unasalimia mtu yeyote. Kule kutetemeka alikokuona kwanza, kule alikokuita uchafu, ndiko kulikuwa habari yenyewe.

Wiki tatu baada ya kipindi kile, mkewe aliosha kandambili zake za mpira akaziegesha ukutani zikauke. Akatoka pekupeku.

Mzee alikuwa mezani. Saa moja na dakika kumi asubuhi, mshale uliruka. Akatabasamu. Akaandika kwenye daftari, "Saa 1:10. Amefika." Daftari ninalo hapa mbele yangu. Mwandiko ni mzuri, haujakwaruzwa. Mshale ukakaa juu. Ukakaa, ukakaa. Aliniambia mwenyewe, "Nikasema leo wanazungumza sana, fundi mwenzangu na mnyanya wake."

Ndoo ndiyo aliyoisikia. Ndoo ilianguka.

Alikimbilia swichi kwanza, kama fundi anavyopaswa. Alizima. Alifika bombani. Mkono wa mkewe ulikuwa bado umeishika koki ya bomba. Jirani alileta gari, lakini roho ilikuwa imeshakatika pale pale uani. Mama wa watu alikuwa na miaka hamsini na nane, na kwenye cherehani yake kulikuwa na gauni la bi harusi, limebaki pindo tu.

Mimi siku ile nilifanya nini? Nilisoma tangazo. Mistari miwili. "Amefariki kwa ajali ya umeme." Nikapoza sauti, nikapiga muziki wa taratibu. Basi.

Mzee hakuiita ajali. Jioni ya siku ya mazishi, watu wamekaa, aliinuka mbele ya wakwe zake akasema, "Waya niliufungua mimi." Shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, seremala, alinisimulia juzi makaburini. Nanukuu: "Nilitaka kumpiga. Watu walinishika. Miaka miwili sikukanyaga kwake. Halafu siku moja nikajiuliza, hivi mimi ningesema? Mbele ya watu wote wale, angenyamaza tu, nani angejua? Nikaenda. Nikamkuta anakula peke yake, nikavuta kiti."

Mwezi mmoja baada ya msiba alikuja hapa studioni. Nilidhani amekuja kunilaumu. Hakunilaumu. Alikaa kwenye kile kiti cha wageni, kofia mapajani, akauliza, "Yule dada fundi umeme. Namba yake mnayo?" Nikasema hatuna. Hatuhifadhi namba za watu tunaowakatia simu, hilo sikulisema. Akasema, "Basi nataka nimjibu hewani. Aliuliza swali zuri, hakujibiwa. Sema yote. Sema waya niliufungua, sema swali liliulizwa. Labda kuna fundi mwingine mahali anafungua waya sasa hivi, anasema ataurudisha jioni."

Nikamwambia, "Mzee, ngoja kidogo. Watu wataelewa vibaya."

Mwaka uliofuata akaja tena. Nikasema, "Mzee, uongozi wa kituo haujaridhia." Uongo. Sikuwahi kuuliza. Mwaka wa tatu nikasema ratiba imejaa. Mwaka wa nne nilimwona getini nikatokea mlango wa nyuma. Mtu mzima na ndevu zangu, namtoroka mzee mwenye kofia mkononi! Mnajua nilichokuwa naogopa. Sikuwa nalinda jina lake. Nilikuwa nalinda langu. Kipindi cha mnyanya ndicho kilichonijulisha kwenu.

Na yeye katika miaka hiyo kumi na moja alifanya kazi gani? Wengi mmemwona. Alikibeba kile chombo begani, akaenda nyumba kwa nyumba, shule kwa shule, kila penye pampu na bomba la chuma. Hakukishikisha tena kwenye jani. Alipiga misumari miwili ardhini, akasema, "Zima." Anaangalia mshale. "Sasa washa." Anaangalia mshale. Zima, washa. Zima, washa. Ukiruka, haondoki mpaka waya wa kijani umefungwa, na akishaufunga anauvuta kwa mkono mara tatu. Wengine walimcheka, wakamwita mzee wa misumari. Mama mmoja mwenye genge alinipigia jana akilia. Anasema Mzee alipima bomba lake, mshale ukaruka mpaka mwisho, na bomba lile wajukuu zake walikuwa wanaoga hapo kila jioni.

Jumapili iliyopita nilikwenda wodini kumjulia hali. Binti yake muuguzi alikuwa amekaa pembeni, amevaa sare, ametoka zamu. Mzee hakuwa na pumzi ya maneno mengi. Aliniangalia akasema neno moja.

"Bado?"

Nikamshika mkono. Nikasema, "Jumamosi hii, Mzee. Naapa."

Akasema, "Haya."

Jumanne akafa.

Binti yake alinisindikiza mpaka getini siku ile ya Jumapili. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Baba ana redio ndogo pale kitandani. Kila Jumamosi, kipindi chako kikianza, anaongeza sauti. Kikiisha anapunguza. Miaka yote. Nilidhani anakipenda kipindi." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Juzi baada ya mazishi amenipa daftari. Ndilo hili, mnasikia karatasi. Kurasa arobaini za vipimo vya mnyanya. Tarehe, saa, mshale ulipanda kiasi gani. Na karibu kila mstari, Mzee alirudi akaukata kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni, "Si mnyanya. Ni pampu." Mstari unaofuata, "Si mnyanya. Ni pampu." Kurasa arobaini. Ule wa mwisho, "Saa 1:10. Amefika," haukukatwa, ila chini yake kuna maneno yale yale kwa wino mwekundu.

Mstari mmoja tu hakuugusa. Uko ukurasa wa kumi na tisa. Nausoma ulivyo: "Umeme umekatika mtaa mzima tangu jana. Pampu haifanyi kazi. Fundi mwenzangu amemwagilia mnyanya kwa maji ya ndoo ya ndani. Mshale umepanda polepole sana, umekaa kidogo, umeshuka polepole."

Chombo kilitumia betri. Umeme haukuwepo popote uani. Nikamuuliza binti yake, hapa baba hakuandika kitu, alisahau? Akasema, "Hakusahau. Nilimwona akirudi kwenye ukurasa ule mara nyingi. Hapo ulikuwa mnyanya kweli. Alisema hiyo ndiyo sauti yake halisi, ndogo, ya polepole. Na yeye alikuwa anatafuta ile kubwa." Kisha akalia, nami nikalia, watu wazima wawili wameshika daftari moja.

Wasikilizaji wapendwa, kwa binti, kwa shemeji seremala, kwa wapangaji wa nyumba ile na kwa wateja wote wenye redio ambazo bado ziko mezani pale: kituo hiki kinatoa pole. Mimi binafsi natoa pole, na naomba radhi, na najua radhi yangu imechelewa kwa siku nne na miaka kumi na moja. Mwenyezi Mungu awape subira.

Ninyi nyote mnaonisikiliza, nawaomba jambo moja leo. Bomba likikutekenya vidole, usicheke. Zima swichi, ita fundi, mwulize waya wa kijani uko wapi. Kama wewe ndiye fundi, na kuna waya uliufungua ukasema utaurudisha jioni, inuka. Acha redio inaongea, nenda kaurudishe sasa hivi.

Na wewe, dada fundi umeme. Sijui uko wapi. Sijui kama ulisikia kilichotokea, au kama baada ya siku ile uliwahi kutusikiliza tena. Kuna mtu alikutafuta mpaka mwisho wa pumzi zake ili akujibu. Ulituuliza kama tumejaribu kupima pampu ikiwa imezimwa. Jibu la Mzee Mshale ni hili, ameniachia nilisome kama lilivyo:

"Hapana, dada. Hatukujaribu. Asante kwa kuuliza."

Simu iko wazi. Ukipiga, leo sikukatii.